Komisionere wa nyumba Lubumbashi, uzoefu wangu mimi mwanafunzi Mrundi

Nimetumia makomisionere (madalali wa nyumba) wawili hapa Lubumbashi, Kongo, mmoja alinila pesa na mwingine nampa nyota nne bila kufikiri. Mi natoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa hiyo Kiswahili ninacho toka utotoni, nikajidanganya kwamba nyumba nitajitafutia mwenyewe, kwani nitashindwa nini watu wote si wanaongea Kiswahili? Kumbe Kiswahili chenyewe ndo kilikuwa shida.

Nimefika kwa basi, Tanzania yote, Zambia, mpaka Kasumbalesa, miguu imevimba. Wiki mbili nililala kwa rafiki wa binamu yangu pale kampusi ya Kasapa, kitanda kimoja watu wawili. (Nilipomwambia mama kwenye simu niko Kasapa, jirani aliyewahi kuishi huku akamwambia Kasapa ni gereza. Gereza lipo kweli, ila na yunivasiti iko njia hiyohiyo mama, tulia.)

Komisionere wa kwanza nilimpata barabarani. Aliniomba dola 20 za kutembea kabla hatujainua mguu, nikatoa kwa ujinga. Tukaona nyumba tatu. Ya kwanza ina watu ndani wanakula bukari (ugali) yao, wakatushangaa. Ya pili ina watu. Ya tatu ilikuwa tupu kweli, nzuri, akafungua bomba la uani maji yakatoka nikafurahi, bei dola 60. Halafu mwenye nyumba akanisalimia na mimi nikajibu vizuri kama nilivyolelewa, "shikamoo mzee, nimefurahi kufika kwako", baba yangu, bei ikawa 100 papo hapo! Nikaondoka. Yule kijana simu yake haikupatikana tena mpaka leo.

Wa pili nililetewa na mwanafunzi wa fakalte yangu. Huyu hakuomba pesa ya kutembea, alisema atachukua kodi ya mwezi mmoja tukishapata, kama kawaida ya hapa. Kitu cha kwanza kuniambia: "Yaya (ndugu mkubwa), weye unyamaze. Ukisema tu Kiswahili bora yako ile, banawaza uko na dola ya makamiyo ya Dar." Ndo nikaelewa. Mji huu ni wa shaba na kobalti, malori ya Tanzania, ndo makamiyo yenyewe, yamejaa barabarani, sasa mtu akisikia "nimefurahi kufika kwako" anaona mfanyabiashara, haoni mwanafunzi anayekula maandazi mchana.

Basi nikawa bubu. Tulizunguka Gambela, Kalubwe, tukafika mpaka Bel-Air ambako bei ilitufukuza getini. Parseli moja, yaani kiwanja chenye nyumba, nilikuwa nishaipenda, saa sita mchana, jamaa akanivuta shati akanionyesha kwa kidevu: bido (madumu ya maji) za njano kama kumi na tano zimejipanga mbele ya bomba kavu, kila moja na kitambaa cha rangi yake kwenye mkono ili zisichanganyike. Akamuuliza mama aliyekuwa anawasha mbabula (jiko la mkaa), mama maji inakuja saa ngapi? Mama akacheka, usiku saa nane, na si kila siku. Tukatoka. Hapo nikakumbuka lile bomba la dola 60, sijui asubuhi ile nani alikuwa amejaza tanki.

Tulikopata ni anexe, kijumba cha uani, chumba na saloni ndogo, choo cha nje tunatumia familia tatu. Papa bayeri (mwenye nyumba) akauliza huyu mutoto anatoka wapi, mbona haongei. Komisionere bila kupepesa: "Anatoka kule ku Tanganyika, iko na haya." Mzee akaelewa ni jimbo la Tanganyika, Kalemie huko. Na si uongo, Bujumbura si iko kwenye ziwa Tanganyika? Wakakubaliana 70. Siku ya kusaini kontra mzee akafungua pasipoti yangu, akaangalia, akamwangalia jamaa, akacheka mpaka akakohoa, lakini bei alishaitamka mbele ya mke wake.

Garanti (pesa ya dhamana) aliomba ya kodi ya miezi sita. Rafiki yangu wa sheria aliniambia sheria ya 2015 inasema nyumba ya kulala isipite miezi mitatu, nikataka kusema, jamaa akanikanyaga mguu. Ukimletea mzee sheria anakwambia funguo hana, amempa mwingine. Tulishuka mpaka minne kwa maneno matamu tu. Kwa hiyo nilitoa garanti 280, mwezi wa kwanza 70, komisio 70, jumla dola 420, na komisio ndo pesa niliyoitoa bila kuumia.

Nyota moja namkata kwa sababu hakuniambia habari ya paa. Oktoba tuliangalia nyumba kavu, Novemba mvua ikaingia juu ya kitanda, nimeweka beseni na syllabus zote (notisi za masomo) ziko ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpigia, alikuja mwenyewe na mzee wakapiga lami, sasa inavuja kidogo tu upande wa mlango.

Juzi bayeri ameanza kuzungumzia kuongeza dola 10 mwakani. Nimemtikisia kichwa tu, nikaingia ndani nikampigia jamaa, anakuja Jumapili.