Kabla hujauliza bei ya simu uliza bei ya kioo: simu za kununua ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Kila ikifika mwezi wa saba, watu wameshavuna na mahindi yameanza kuuzwa, naanza kupigiwa simu na shemeji, wadogo zangu, hadi majirani wa nyumbani Makete, na swali ni lile lile: nna laki tatu, nichukue simu gani? Safari hii nimeamua niandike yote hapa, maana ushauri mwingi wa simu unatolewa na watu wa Dar ambao kioo kikipasuka wanapanda daladala wanashuka Kariakoo, jioni wanarudi na simu nzima. Sisi huku kioo kinapanda basi, kinapandisha Kitonga, ndo kitufikie.

Hilo nililijua kwa machungu. Mwaka juzi nilimnunulia mama simu ya 280,000 mjini Mbeya, kampuni yenyewe sikuwahi kuisikia na jina silitaji, ila boksi zuri, limeandikwa 8GB kwa maandishi makubwa, kamera tatu nyuma, nikaona nimelamba dume. Mwezi wa nne mama alikuwa anamenya viazi, simu iko mapajani juu ya kitenge, akainuka. Ikapiga kona kwenye sakafu ya simenti, tachi ikafa upande wote wa chini, yani anamuona mtu anapiga ila hawezi kupokea. Nikaipeleka kwa fundi Mwanjelwa, akaifungua na kile kikadi chembamba cha plastiki, akasoma namba iliyoandikwa kwenye fleksi ya kioo (ule utepe mwembamba unaokiunganisha na simu), akapiga Kariakoo kwa watu watatu. Wawili hawana. Wa tatu anacho, 140,000, bado nauli ya basi, bado hela ya ufundi. Tukaagiza, kikafika baada ya siku tisa, fleksi yake fupi haifiki kwenye soketi. Fundi akanitazama akasema, "Kaka, siku nyingine pita hapa uniulize kabla hujanunua." Mpaka leo ile simu iko kabatini, na mama alikaa na kitochi mwezi mzima hapati picha za wajukuu zake.

Kwahiyo siku hizi mtu akiniuliza namwambia chagua simu mbili au tatu unazozipenda, andika majina kamili, usiandike Tecno tu andika Tecno Spark 30C, maana kioo cha Spark hii sio cha Spark ile, afu kabla hujakanyaga dukani pita kwa mafundi wawili, ukiwa Mbeya nenda Mwanjelwa au Kabwe, Iringa zunguka Miomboni na Mashine Tatu, Njombe na Makambako nako wapo, uliza vitu vitatu: kioo bei gani, betri bei gani, na unavyo hapa hapa au mpaka uagize? Hilo la tatu ndo kubwa. Kipimo changu mimi, kioo kikizidi theluthi ya bei ya simu naiacha. Simu ya laki tatu kioo chake kisivuke laki. Na fundi akianza kukuna kichwa, jibu umeshapata.

Tuje kwenye boksi. Ile 8GB ya simu ya mama ilikuwa 4GB tu, nyingine 4 ni storeji (sehemu ya kuhifadhia picha na video) imeazimwa ikapewa jina la ramu (kumbukumbu simu inayotumia ikiwa kazini), na ukilisogeza boksi karibu na macho utaona chini kwa herufi ndogo kabisa imeandikwa 4GB+4GB. Ramu ya kweli ni ile namba ya kwanza, hiyo ya kuazima inasaidia kidogo ila ni nzito, haifanani na ramu yenyewe. Kwa sasa usishuke chini ya 4 ya kweli kama unataka simu ikae miaka mitatu. Storeji chukua 128 ukiweza, 64 iwe ya mwisho, 32 achana nayo kabisa kwa sababu mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa, afu uko kwenye grupu la kikoba, la ukoo, la kwaya, la wazazi wa shule, kila asubuhi picha za maua na video za mahubiri, baada ya miezi miwili simu inakwambia imejaa. Kamera usibabaishwe na idadi ya majicho, kwenye simu za bei ya chini mara nyingi inayofanya kazi ni moja na zingine ni pambo. Piga picha mbili pale pale dukani, moja ndani kwenye giza giza, moja nje, ukuze uangalie uso.

Betri karibu zote sasa ni 5000 kwahiyo hapo hamna mashindano makubwa, kinacholeta tofauti ni prosesa, yani ubongo wa simu. Helio G99 imetengenezwa kwa nanomita 6, G85 na G81 ni nanomita 12, na hapo namba ndogo ndo nzuri, kwa kazi ile ile G99 inakula chaji kidogo kuliko hizo mbili, na kama kijijini kwenu unachajisha kwa sola au dukani kwa kulipia hiyo sio habari ndogo. Halafu kuna baridi, jambo ambalo sijawahi kuona mtu analiandika. Mwezi wa sita na wa saba ukiwa Makete au Njombe, asubuhi simu ina asilimia 25 ghafla inazima, mtu anakimbilia kubadilisha betri. Subiri kwanza. Betri za lithiamu zikipigwa na baridi nguvu inapungua kwa muda, ikipata joto inarudi. Ilaze ndani mbali na dirisha, ukitoka iweke mfuko wa ndani wa koti, na ile asubuhi ya barafu kwenye majani usiichomeke chaji ikiwa ya baridi kama jiwe, iache ipate joto la ndani kwanza, kuchaji betri iliyoganda kunaiharibu moja kwa moja.

Sasa mpangilio wangu, na huu ni kwa mtu wa huku, mtu wa Dar anaweza akapanga vingine.

Ya kwanza naweka Samsung za A, yani kuanzia A06 kwa mwenye laki tatu na kitu mpaka A16 kwa mwenye zaidi, na sasa wametoa A07 na A17 kwahiyo hizo za nyuma zinashuka bei, ndo wakati wake. Sababu kubwa ni apdeti. A16 Samsung wameahidi apdeti za miaka 6, A06 wameahidi za usalama miaka 4. Mtu anaweza kuona apdeti ni anasa, lakini programu za benki na WhatsApp zinafika mahali zinakataa mfumo wa zamani, simu nzima kabisa inabaki ya kupigia tochi. A06 kioo chake ni LCD, ile aina ya kawaida, bei yake inabebeka na mafundi wengi wanacho. A16 kioo ni AMOLED, rangi zinapendeza mno na ina IP54, maana yake inastahimili vumbi na manyunyu (manyunyu tu, usiizamishe), kwa mtu wa Tukuyu au Kyela ambako mvua haiagi hilo lina uzito, ila kioo orijino cha AMOLED ni ghali, na fundi asiye mkweli atakuwekea kopi, simu ikirudi rangi zimepauka. Ulizia mapema. Na jiandae, Samsung za siku hizi mara nyingi boksi lina waya tu bila kichwa cha chaja, sasa usimalize hela yote kwenye simu afu ukanunue kichwa cha buku tatu mezani, kitakuua tundu la chaji. A06 na A16 zote zinapokea chaja ya wati 25.

Ya pili, na inaifuata kwa karibu sana, ni Tecno Spark na Infinix Hot. Wengi hawajui kwamba Tecno, Infinix na itel ni watoto wa mama mmoja, kampuni ya Transsion ya China, na matengenezo yao yote wanatumia Carlcare. Kwa upande wa spea hawa hawana mpinzani huku kwetu, hata Tunduma au Mafinga utakuta fundi ana kioo cha Spark kimening'inia ukutani. Kwa hela ile ile wanakupa storeji kubwa, chaja iko ndani ya boksi, na Spark 30C nayo ina IP54. Picha za watu wa rangi yetu Tecno wamezifanyia kazi muda mrefu, na inaonekana. Ninachowalalamikia ni matangazo na programu walizojaza humo ndani, siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio uzime notifikesheni za programu usizozijua, utaokoa bando na chaji. Na apdeti zao zinaisha mapema, ndo maana nimewaweka wa pili.

Ya tatu Redmi. Simu nzuri sana hizi, Redmi 14C ina betri ya 5160 na kioo cha inchi 6.88, mzee asiyeona vizuri ataipenda, na Redmi Note kwa mwenye laki tano na kuendelea zinakimbia kuliko wenzake wa bei hiyo. Mbona ya tatu? Spea. Mbeya mjini utapata, ila ukishafika Ludewa au Makete fundi anaagiza. Pia hakikisha ni ya Global, kuna zinazoletwa zimetengenezwa kwa soko la China, ukiwasha hamna Play Store.

itel naweka ya nne ila kwa mzazi anayetoka kwenye kitochi kwa mara ya kwanza inaweza ikawa ndo namba moja, mfano A70, bei nafuu, kioo nafuu, WhatsApp na kutuma hela vinaenda. Usimnunulie kijana wa chuo, ataichukia ndani ya mwezi.

Mwisho naweka used. Najua vijana hapa tutagombana. Lakini iPhone 6 leo ukiichukua umenunua kioo cha kujitazamia, tangu mwezi wa 5 mwaka 2025 WhatsApp inataka iOS (mfumo wa iPhone) 15.1 kwenda juu na 6 iligota kwenye iOS 12. Ukitaka used kweli, iPhone angalia afya ya betri isiwe chini ya asilimia 80, na muuzaji atoe akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako. Samsung za S zilizotoka nje fungua picha nyeupe kioo kizima utafute mistari na madoa. Afu weka laini YAKO, piga, washa data, maana zingine zilifungwa na mitandao ya Marekani, na zingine hazina masafa ya huku, mjini zinashika 4G ukifika shambani zinahema. Usikubali kujaribu kwa laini ya muuzaji.

Mpya au used, bonyeza *#06#, namba ya IMEI (utambulisho wa simu) inayotokea ifanane na iliyobandikwa kwenye boksi, afu itume kwa meseji kwenda 15090 usubiri jibu likutajie aina ya simu uliyoshika. Mwezi wa 6 mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima, watu waliamka simu hazishiki mtandao. Dai risiti ya EFD yenye jina la simu, maana simu isiyo na risiti inaweza kuwa ya wizi na maelezo utatoa wewe kituoni. Na mtu wa stendi anayekuonyesha simu kali ya laki moja afu anaifunga harakaharaka kwenye mfuko, usimpe hela, nyumbani utafungua kipande cha sabuni.

Simu ya mkopo piga hesabu mwenyewe kabla ya kusaini. Tuseme simu ya keshi 350,000, unatanguliza 80,000 afu 1,500 kwa siku mwaka mzima. 1,500 mara 365 ni 547,500, jumlisha utangulizi inakuwa 627,500. Na ukichelewa wanaifunga, mkulima ambaye hela inaingia kwa msimu atafungiwa mara ngapi? Bora ukae na kitochi mpaka viazi viuzwe.

Mama sasa ana A06, nilimwekea protekta na kava lile nene lenye kona zilizoinuka. Imeshaanguka mara mbili. Mara ya pili kioo kikapata ufa, akampa mtu anayekuja Mbeya aniletee, Jumamosi saa nne asubuhi nikaipeleka kwa fundi yule yule, akanyoosha mkono akachomoa kioo kwenye droo, saa sita nilishaondoka nayo.