Write & Improve ya Cambridge: nzuri kwa sarufi, kwa hoja tafuta mtu

Anayejiandaa na insha ya IELTS Academic, mtihani wa Kiingereza kwa wanaoomba chuo, na hana pesa ya kumlipa mwalimu kila wiki aanze na Write & Improve. Ni tovuti ya bure inayosahihisha maandishi ya Kiingereza kwa kompyuta, inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua chochote, na haili bando, maana kinachopita ni maandishi matupu. Unachagua swali, unaandika, unatuma. Baada ya sekunde chache unapewa kiwango cha Kiingereza chako, kati ya A1 (cha chini kabisa) na C2 (cha juu kabisa), na sentensi zenye kasoro zinatiwa rangi. Rangi ikikolea, ujue hapo pana kazi.

Inafanya vizuri kwenye makosa yanayotuandama sisi tuliokulia Kiswahili. Lugha yetu haina "a" wala "the", kwa hiyo tunaviacha panapotakiwa na kuvipachika pasipotakiwa: "Government should provide the education". Hilo hunaswa mara nyingi, pamoja na "discuss about", "informations" na "equipments". Kosa linaloweza kupenya ni "he" kukaa mahali pa "she". Kwetu wote ni "yeye", na sentensi ikitazamwa peke yake haina dosari; kosa liko kwenye sentensi iliyotangulia. Hayo yakague kwa macho yako.

Sasa udhaifu wenyewe. Mtahini wa IELTS hutoa alama kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mtiririko, msamiati, na sarufi. Msaada wa chombo hiki uko hasa kwenye viwili vya mwisho. Swali likisema "Discuss both views and give your opinion", nawe ukajadili upande mmoja kwa Kiingereza safi, kiwango kinaweza kupanda huku kwenye mtihani ukiumia. Tena kiwango si bendi, yaani alama ya IELTS yenyewe, inayoishia 9. B2 hulingana na bendi 5.5 hadi 6.5, pengo kubwa mno kwa mtu ambaye chuo kinamdai 6.5 kamili.

Wengi wanakosea namna ya kukitumia: wanabadilisha neno lililotiwa alama, wanatuma tena, kiwango kinapanda, wanafurahi. Hapo hakuna kilichojifunzwa. Zima kwanza kisahihishi cha tahajia, kwa sababu hata ukifanya mtihani kwa kompyuta hutakuwa nacho. Weka saa dakika 40: tano za kupanga hoja, 30 za kuandika, tano za kukagua, na maneno yasipungue 250. Ukishatuma, andika kila kosa kwenye daftari kwa aina yake, kisha iandike upya sentensi nzima bila kutazama pendekezo. Baada ya insha nne au tano, aina mbili au tatu zitakuwa zimejaza kurasa. Zile dakika tano za kukagua zitumie kuzisaka hizo tu.

Usijaribu pia kukihonga kwa "plethora" na "Moreover" mwanzoni mwa kila sentensi. Viunganishi vilivyopachikwa kimashine mtahini anavikatia alama.

Pesa kidogo uliyonayo itunze kwa mwalimu mmoja atakayesoma insha mbili au tatu za mwisho. Mwambie mapema sarufi aiache, akosoe hoja na mpangilio wa aya peke yake.