Mafunzo ya tawi la vijana la chama cha kihafidhina, Mombasa: je, ada yake inastahili?

Mombasa hatujazoea kijana kulipa ili aingie katika shughuli ya chama. Tulichozoea ni kwamba mwenye mkutano hutoa nauli, fulana na soda, na kijana anayealikwa huulizia nauli kabla hajaulizia ni chama gani. Ndiyo maana tawi la vijana la chama kimoja cha kihafidhina lilipotangaza mafunzo ya siku mbili kwa wanachama wapya, kwa ada ya shilingi 1,500, wengi maskani kwetu walicheka na kusema hatakwenda mtu. Walikwenda watu, ukumbi wa Tudor ukajaa, nami nilikuwa miongoni mwao. Jina la chama sitalitaja, kwa kuwa ninachokitathmini hapa ni huduma iliyouzwa, na ninashuku kwamba vyama vingine vikiuza huduma kama hiyo itafanana na hii kwa mengi.

Nianze na mambo madogo. Usajili wa asubuhi ulikwenda kwa utaratibu na kila aliyelipa alipewa risiti, jambo ambalo katika siasa zetu si dogo hata kidogo. Chai ilikuja na mahamri na mbaazi, na mchana kukawa na pilau yenye nyama ya kutosha. Vipaza sauti vilikuwa vibovu siku zote mbili, na waliokaa nyuma karibu na feni walikosa nusu ya maneno.

Siku ya kwanza ilikuwa ya sheria, na hiyo ndiyo iliyobeba thamani yote ya mafunzo. Aliyefundisha alikuwa wakili mwanamke ambaye hakutumia muda wake kumsifu kiongozi yeyote. Alieleza kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, na hapo baadhi yetu wakageuka kumtazama mwenyekiti wa tawi, ambaye mvi zake zilikuwa na maoni tofauti. Alifafanua jinsi Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inavyokitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua elfu moja, wote wapigakura waliosajiliwa, katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47, ndipo kipate usajili kamili. Kisha akaeleza kwa nini sharti hilo ndilo linalovifanya vyama kuwatafuta vijana kwa pupa: kijana ni jina katika orodha kabla hajawa sauti katika kikao.

Hapo akatuagiza kila mmoja aingie katika akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, aangalie kama tayari ameandikishwa mahali. Huenda msomaji anakumbuka kilichotokea Juni 2021, Wakenya wengi walipogundua kupitia njia hiyo kwamba ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Ukumbini mlikuwa na waliojikuta katika hali hiyo hiyo, mmoja wao akiwa mwanachama wa chama ambacho hata jina lake hakuwahi kulisikia. Kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja, wakili alitumia muda mrefu kuonyesha jinsi ya kuandika barua ya kujiuzulu na mahali pa kuipeleka. Somo hilo moja lingetosha kuuzwa peke yake.

Alipofika kwenye fedha, ukumbi ulinyamaza. Hazina ya Vyama vya Siasa imewekewa kisheria kiwango kisichopungua asilimia 0.3 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, na chama kinachopata mgao kinatakiwa kutumia angalau asilimia 30 ya fedha hizo kuendeleza uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, na makundi ya wachache na yaliyotengwa. Dada mmoja kutoka Kisauni alisimama akauliza, kwa adabu kamili, ni kiasi gani cha mgao huo kilichowahi kufika kwenye tawi la vijana la Mombasa. Mwenyekiti akajibu kwamba suala hilo ni la makao makuu, na ratiba ikasogezwa mbele haraka. Kwa maoni yangu lile ndilo lililokuwa swali bora la mafunzo yote, na anayeuza mafunzo ya uongozi kwa fedha taslimu alipaswa kuwa na jibu lake mfukoni.

Siku ya pili ilikuwa ya itikadi. Nilitarajia mengi, kwa sababu uhafidhina ni fikra yenye uzito: kuilinda familia, kuiheshimu dini, kuithamini mali ya mtu binafsi na biashara yake, kuipunguzia serikali mikono mirefu, na kuona mabadiliko yakija taratibu kupitia taasisi zilizopo. Ujumbe wa namna hii hauhitaji nguvu kuuzwa Pwani, ambako shehe, kasisi na mzee wa kaya wakikutana wanaweza kutofautiana juu ya mengi lakini si juu ya malezi. Mhadhiri, hata hivyo, aliishia kwenye malezi tu. Tulisikia kuhusu mavazi, mihadarati na kuwatii wakubwa, maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia nyumbani bila kulipa ada. Mali na biashara hazikuguswa kabisa, kana kwamba Mombasa haina bandari.

Mfano ulikuwa wazi mbele ya macho yetu. Agosti 2019 serikali iliagiza mizigo inayoingia nchini kupitia bandari ya Mombasa isafirishwe kwa reli ya SGR, na wenye malori, madereva, mawakala wa forodha na mama lishe wa kandokando ya barabara wakaona riziki zao zikihamia bara. Watu waliandamana, na ubishi juu ya agizo lile haukukoma hadi shughuli za kuondosha mizigo ziliporejeshwa Mombasa mwaka 2022. Chama kinachosema kinaamini soko huria kina msimamo gani serikali inapomwamuru mfanyabiashara apitishe wapi mzigo wake? Au suala la ardhi: mhafidhina anayeitetea hati miliki atamwambia nini skwota wa Pwani ambaye babu yake alilima shamba lile lile bila hati? Kuna majibu ya kihafidhina kwa maswali haya, tena yanayopingana, na ubishani wake ungetunoa. Tulipewa orodha ya tabia njema badala yake.

Kilichonisikitisha zaidi ni historia iliyorukwa. Haiwezekani kufundisha kuhusu tawi la vijana nchini Kenya bila kuwataja vijana wa KANU, chama tawala cha zamani, waliokuwa wakiwadai watu kadi za chama sokoni na kwenye vituo vya mabasi enzi za chama kimoja, na ambao wazee wetu hadi leo wanawataja kwa sauti ya chini. Haiwezekani pia kuiruka YK'92, kundi la vijana lililoongozwa na Cyrus Jirongo kumfanyia kampeni Rais Moi katika uchaguzi wa Desemba 1992, ambalo lilimwaga fedha kiasi kwamba noti ya shilingi mia tano ilipachikwa jina la Jirongo. Katika kundi hilo alikuwamo kijana William Ruto, aliyekuja kuwa rais, na hapo pana somo ambalo mwalimu mzuri angelitumia: tawi la vijana laweza kuwa ngazi ya kweli kwa wachache wanaokaa karibu na mfuko, huku wengine wote wakibaki kuwa umati. Kifungu cha 91 cha Katiba kinavikataza vyama kuanzisha au kuwa na wanamgambo, na mtu asiyeijua historia hii hawezi kuelewa kwa nini katazo hilo liliandikwa.

Hata nje ya nchi kulikuwa na ya kujifunza. Chama cha Conservative cha Uingereza kilikuwa na tawi la vijana lililojaa watu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, likajulikana kwa dansi na mikutano ya kijamii kuliko kwa sera. Mrithi wake, Conservative Future, lililoundwa mwaka 1998, lilisimamishwa mwaka 2015 kufuatia madai ya uonevu miongoni mwa wanachama. Ujerumani kuna Junge Union, tawi la vijana la vyama vya kihafidhina vya CDU na CSU, lililoanzishwa mwaka 1947 na linalopokea wanachama wa kuanzia miaka 14 hadi 35. Mwaka 2025 vijana hao walimpinga hadharani kiongozi wa chama chao wenyewe, Kansela Friedrich Merz, kuhusu mswada wa pensheni walioona kwamba utawatwisha wao gharama za baadaye. Mswada ulipita, lakini mkubwa alilazimika kuja kujieleza mbele yao. Nilipomwuliza mratibu wakati wa chai kama tawi letu linaweza kupiga kura ya kuupinga uamuzi wa chama, alicheka akanipigapiga begani, akisema, "Ndugu yangu, kwanza tujenge chama."

Huduma baada ya mafunzo ni hafifu. Cheti kilichoahidiwa kilifika kikiwa na saini ya mtu ambaye hakuhudhuria. Kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya "kuendeleza mjadala" limegeuka kuwa mahali pa kutangaza ni saa ngapi vijana wafike uwanja wa ndege kumlaki mheshimiwa, wavae fulana ya rangi gani, na nani atawabeba kutoka Likoni. Yule dada wa Kisauni aliuliza tena habari za asilimia 30, na ujumbe wake ukafutwa na msimamizi kwa kuwa "unavuruga umoja".

Kwa anayetaka kugombea udiwani au kuingizwa katika orodha ya chama, ikiwemo viti viwili vya vijana katika Seneti, somo la sheria lina manufaa ya moja kwa moja, na sijaona Mombasa mahali linapofundishwa kwa lugha nyepesi namna ile. Anayetafuta fikra za kihafidhina za kutafuna atatoka na njaa. Anayetafuta chombo cha kuwafikishia wakubwa maoni ya vijana aombe kwanza katiba ya chama, asome kama tawi la vijana lina kura katika baraza la kitaifa au ni waalikwa tu, na asitoe hata shilingi kabla ya kuonyeshwa ukurasa wenyewe. Wamesema awamu ijayo itakuwa kwa ada ile ile. Siku ya kwanza inailipa ada yote. Siku ya pili mtu anaweza kubaki nyumbani.