Canon EF-S 10-18mm kwa picha za mandhari Uganda: inapong'aa na inapokwama

Mwenye kamera ya Canon ya sensa ndogo, iwe 600D, 700D, 2000D au 80D, akiuliza aanze na lenzi gani kwa mandhari, jibu letu ni EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM (IS ni kizuia mtikisiko). Ilitoka 2014, ina gramu 240 tu, na kwenye sensa hiyo huona upana sawa na 16-29mm ya fulu fremu, yaani kamera ya sensa kubwa. Kwenye 5D au 6D, ambazo ni fulu fremu, haiingii, kwa hiyo anayepanga kuhamia huko ajue mapema.

Ukitaka kuipima kwa haki, ipeleke Ziwa Bunyonyi. Wengi hupanda kilimani, huweka 10mm, upana wake wa juu kabisa, ili visiwa vyote viingie, kisha hushangaa kuona vitone vyeusi katikati ya maji matupu. Lenzi pana hukuza kilicho karibu na kukisukuma mbali kilicho mbali. Basi shuka hadi ufukweni, chuchumaa, pua ya mtumbwi iwe nusu mita kutoka kwenye kioo, visiwa viwe nyuma yake. Hapo ndipo picha inapata kina. Kamera ikae sawa pia: ukiiinamisha juu kidogo tu, mikaratusi ya pembeni itaegemea ndani kama inayoanguka.

Kulenga ndiko kunakowasumbua watu zaidi. Lenzi haina vipimo vya umbali, na pete yake ya kulenga huendeshwa na mota, hivyo kamera ikiwa imezimwa au imelala haifanyi kitu. Washa skrini ya nyuma, kuza picha mara 10, weka f/8 (ukubwa wa tundu la mwanga; namba ikipanda, tundu hupungua), kisha lenga kitu kilicho sentimita 70 kutoka kwenye kamera. Kwa 10mm, kila kitu kuanzia sentimita 35 hivi hadi upeo wa macho kitakuwa kikali vya kutosha. Kwa 18mm lenga mita 2.2, na ukali utaanzia karibu mita 1.1. Usikimbilie f/22 ukidhani utaongeza ukali. Kwenye sensa hii, kupita f/11 mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea.

Kwenye maporomoko ya Sipi utahitaji tripodi, na IS uizime, maana ikiwa imewaka juu ya tripodi inaweza yenyewe kutikisa picha. Maji hupendeza kamera ikiacha mwanga uingie kati ya robo sekunde na sekunde moja. Filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) hugeuza 1/60 ya sekunde kuwa karibu sekunde moja. Lenzi huchukua filta za 67mm, lakini nunua za 77mm pamoja na ringi ya kupandishia, inayoshikiza filta kubwa kwenye lenzi ndogo: filta mbili za 67mm zikipandana, kwa 10mm pembe za picha huwa nyeusi. Beba vitambaa vitatu vikavu, kwa kuwa manyunyu hulowesha kioo haraka kuliko unavyopanga picha.

Polaraiza, filta ya kukata mng'ao na kukoleza anga, inataka akili zaidi hapa karibu na ikweta. Anga hukolea zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Asubuhi, jua likiwa mashariki, ukanda huo hupita kaskazini, utosini na kusini, hivyo ukielekeza 10mm kaskazini utapata baka jeusi katikati ya anga na pembe zilizofifia. Sogeza hadi 18mm, au legeza filta nusu. Faida yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kuondoa mng'ao kwenye majani na miamba iliyolowa pale Sipi. Jioni jiandae mapema: jua huku huanguka karibu wima, na kutoka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho hadi kuzama ni dakika 25 hivi.

Inapokwama ni kwenye milima ya Rwenzori. Ukiwa Fort Portal, safu yenye kilele cha Margherita, mita 5,109, itaonekana kama ukuta mfupi. Hapo chukua EF-S 55-250mm STM, lenzi ya kuvuta vya mbali, nenda alfajiri baada ya mvua kuosha vumbi na moshi. Kwenye maporomoko ya Murchison nako ni hivyo: juu, Nile inapojibana kwenye mwanya wa mita 7, 10-18 inatosha, ukiwa kwenye boti mtoni, 55-250 ndiyo itakayokusaidia.

Ukinunua iliyotumika Kampala, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, achana nayo. Piga ukuta wa matofali kwa f/8 kamera ikiwa imenyooka mbele yake. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu kali, vioo vimehama. Kagua meno ya mshikio, ambao ni wa plastiki. Lenzi haina kinga ya maji wala vumbi, hivyo kwenye barabara za Kidepo usiibadilishe nje ya gari. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia joto la Pakwach, iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30, la sivyo kioo kitashika umande. Kofia yake ya kuzuia mwanga wa pembeni, EW-73C, huuzwa kando. Inunue siku hiyo hiyo.