RAD: kipimo cha mionzi kilichosafiri hadi Mirihi

Sisi tunaofanya kazi katika chumba cha eksrei huvaa kifuani beji ya kupima mionzi, ambayo hupelekwa kusomwa baada ya miezi kadhaa na kurudisha jumla moja tu. Kwa mtu aliyezoea beji hiyo, RAD ni kifaa cha kustaajabisha.

Kilitengenezwa na Southwest Research Institute ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, kikarushwa Novemba 2011 kikiwa ndani ya Curiosity, kigari cha NASA cha kuchunguza uso wa Mirihi. Uzito wake haufiki kilo 2. Ndani zimepangwa sahani 3 za silikoni zenye unene wa milimita 0.3 kila moja, kisha fuwele ya iodidi ya sesiamu, kisha plastiki maalumu. Chembe yenye chaji ikipita huacha nishati katika kila tabaka, na kwa kulinganisha viwango hivyo kifaa hutambua kama ni protoni au kiini kizito cha atomu ya chuma. Nyutroni, ambazo hazina chaji, hunaswa na ile plastiki yenye hidrojeni nyingi. Thamani ya RAD iko hasa katika kutambua huko, kwa kuwa madhara mwilini hutegemea sana aina ya chembe.

Uamuzi ninaousifu zaidi ni kukiwasha safarini, kikiwa kimefunikwa na chombo kama mwanaanga atakavyofunikwa. Kilipima takribani milisiveti 1.84 kwa siku (milisiveti ni kizio cha dozi ya mionzi kinachozingatia madhara yake mwilini). Niliirudia hesabu mara mbili: siku 360 za kwenda na kurudi ni karibu milisiveti 660, ilhali kikomo cha NASA kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600, na chetu sisi ni wastani wa 20 kwa mwaka.

Uimara wake hauna shaka. Mei 20, 2024, karibu miaka 12 baada ya kutua, dhoruba ya jua ilipoifikia Mirihi na picha za kamera ya kigari zikajaa vitone vyeupe, RAD ilirekodi dozi inayolingana na eksrei 30 za kifua.

Upungufu wake ni kwamba hupima mahali pamoja, wala hakisemi uboho au tumbo limepata kiasi gani. Kwa hilo walihitajika Helga na Zohar, sanamu mbili za kiwiliwili cha mwanamke zilizozunguka Mwezi mwaka 2022 katika safari ya Artemis I zikiwa na maelfu ya vipimo mwilini, Zohar akiwa amevaa fulana ya kinga. Chombo kitakachopeleka watu Mirihi kinapaswa kubeba vyote viwili: kipimo cha aina ya RAD ndani ya chombo, na beji kwa kila msafiri.