Uzoefu wangu: siku tatu baharini kwa kayaki ya kukodi, Gazi hadi Wasini

Mimi na shoga yangu tulikodi kayaki ya watu wawili, hema, makafi na majaketi ya kuokolea pale Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, tukashika njia ya kusini hadi kisiwa cha Wasini. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 30, ila ukizunguka miamba na mikoko unapiga zaidi. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, kwa hiyo upepo tulikuwa nao mgongoni karibu njia nzima. Kurudi tulipakia chombo kwenye pikapu. Kupiga kafi kuukabili upepo ule hatukuweza.

Kayaki yenyewe naisifu. Ni pana, imetulia, na hata wimbi lililotupiga ubavuni nje ya kisiwa cha Chale halikutupindua. Ubaya ulikuwa mfuniko wa shimo la mizigo la nyuma. Raba yake ilikuwa imechakaa, na tulipofungua jioni ya kwanza, Msambweni, unga wa sima ulikuwa umegeuka uji wa chumvi. Tukalala kwa tende na maji. Ipapase raba hiyo kwa kidole, mzunguko mzima, kabla hujalipa.

Lakini lililoniudhi hasa ni kwamba hakuna aliyetugusia habari za maji. Tulitoka siku tatu baada ya mwezi kuandama, bamvua lenyewe, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku ya pili asubuhi, kisiwa cha Funzi tunakiona kwa macho, bahari ikatukimbia. Tukashuka, tukaivuta kayaki kwenye mchanga na matope, mizigo yote ndani, viganja vyangu vimeshajaa malengelenge. Mzee mmoja aliyekuwa akikagua nyavu akatuita: "Wanangu, mtajiumiza bure. Kaeni, maji yaja." Tulikaa juani mpaka maji yakarudi. Shoga yangu akachana ukingo wa leso yake, akanifunga viganja vyote viwili polepole, bila neno la lawama, na tarehe nilikuwa nimeipanga mimi. Namshukuru mpaka leo.

Funzi tuliomba ruhusa kijijini kabla ya kusimamisha hema, tukauziwa samaki. Usipige kambi kwenye mikoko ya mdomo wa Mto Ramisi, kuna mamba.

Siku ya tatu, kati ya Shimoni na Wasini, mkondo una nguvu kweli. Safari hii tulingoja maji yasimame ndipo tukavuka, mikono inatetemeka. Beba maji yako ya kunywa: tulipofika, Wasini walikuwa wakitegemea sana ya mvua, si haki kuwamalizia.

Tuliporudisha chombo nilimwonyesha mwenye kayaki ile raba. Aliomba radhi, akaturudishia sehemu ya pesa, na akaing'oa palepale mbele yetu. Tutakodi kwake tena kabla upepo wa kusi haujaanza, siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na mara hii tarehe atachagua shoga yangu.