Kamusi ya Oxford ya Wanafunzi na Maneno ya Kiingereza Yanayofanana

Kamusi iitwayo Oxford Advanced Learner's Dictionary haikutungwa kwa ajili ya Waingereza. Ilianzia Tokyo, ambako A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akiwafundisha Wajapani lugha yake, aliiandaa pamoja na wenzake wawili, ikachapwa huko mwaka 1942. Chapa ya Oxford University Press ilifuata mwaka 1948, na toleo la 10 lilitoka mwaka 2020. Asili hiyo ina uzito kwa mnunuzi, kwa sababu mwalimu aliyezoea kusahihisha madaftari ya wageni huyaona matatizo ambayo mwenye lugha hayafikirii kabisa. Nimeipima hapa kwa jambo moja tu: inamsaidia kiasi gani msomaji wa Kiswahili anapokutana na maneno mawili ya Kiingereza yaliyokaribiana kwa sura na kuachana kwa maana.

Silaha yake kuu ni visanduku vidogo vyenye kichwa "Which Word?", vinavyoyaweka maneno hayo pamoja na kueleza lipi litumike wapi. Kisanduku cha "affect" na "effect" ni mfano mzuri. Kinasema kwamba la kwanza ni kitenzi na la pili kwa kawaida ni nomino, jambo ambalo kwetu lisingepaswa kuwa gumu, kwani ndiyo tofauti iliyopo kati ya kuathiri na athari. Kinachotuponza ni sikio: katika matamshi ya Waingereza, irabu zinazoanza maneno haya hutamkwa kwa udhaifu kiasi kwamba anayezisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni neno moja. Kisanduku hakiishii hapo. Kinaongeza kwamba "effect" nalo linaweza kuwa kitenzi, adimu na cha lugha rasmi, chenye maana ya kuleta au kutimiza jambo. Kwa hiyo "to effect change" ni kuleta mabadiliko, ilhali "to affect change" ni kuyaathiri mabadiliko ambayo tayari yanaendelea, na barua nyingi za maombi ya kazi zingenufaika na sentensi hiyo moja. Wanasaikolojia wana "affect" yao ambayo ni nomino, na mkazo wake huwekwa kwenye silabi ya mwanzo. Wao watahitaji kamusi ya fani yao.

Kamusi hii hung'ara zaidi pale ambapo Kiswahili chenyewe hakitenganishi. Sisi husema ushindi wa kihistoria na utafiti wa kihistoria bila kubadili chochote, na ndiyo maana mwandishi wetu anapohamia Kiingereza huandika "historical victory" kwa moyo mkunjufu. Kisanduku kinaeleza kwamba "historic" ni jambo zito litakalokumbukwa, na "historical" ni jambo linalohusu wakati uliopita au elimu ya historia. Basi ushindi ni "historic" na nyaraka za kale ni "historical", hata kama ndani yake hamna lolote la kukumbukwa. Jozi ya "economic" na "economical" imeelezwa kwa uangalifu uleule: la kwanza ni la uchumi, kama sera au mgogoro, na la pili ni la kubana matumizi, kama gari linalokula mafuta kidogo. Chini ya neno hilo la pili umo pia msemo wa Waingereza wa kuwa "economical with the truth", yaani kubania ukweli, ambao ulivuma sana mwaka 1986 baada ya Robert Armstrong, ofisa wa ngazi ya juu wa serikali ya Uingereza, kuutumia mahakamani Australia.

Nimependa vilevile kwamba haijifanyi polisi wa lugha. Kuhusu "disinterested" na "uninterested" inaeleza kwamba la kwanza ni la mtu asiye na maslahi katika jambo, kama hakimu au mpatanishi, na la pili ni la mtu asiyevutiwa nalo. Kisha inakiri kwamba katika mazungumzo la kwanza hutumiwa mara nyingine mahali pa la pili, ingawa matumizi hayo huhesabiwa kuwa kosa. Huo ni uungwana, maana mwanafunzi atayasikia matumizi hayo redioni na ni bora aelezwe mapema.

Udhaifu upo. Katika kitabu cha karatasi, kisanduku hukaa chini ya neno moja tu, hivyo anayetafuta "disinterested" huelekezwa aende kwenye "interested", na kupekua kitabu kizito namna hiyo kwa ajili ya shaka ndogo kunachosha. Toleo la mtandaoni, ambalo husomwa bure kwa kuvumilia matangazo, limeondoa adha hiyo, na linatoa sauti ya matamshi ya Uingereza na ya Marekani.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba maelezo yote ni ya Kiingereza. Yameandikwa kwa msamiati uliorahisishwa, lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili nchini Tanzania na kuingia kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, hatanufaika nayo mara moja. Huyo aanze na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, ambayo itampa maana kwa lugha anayoielewa, ingawa kulinganisha maneno yanayofanana si kazi iliyotungiwa. Ya Oxford inamfaa anayeandika insha, ripoti au tafsiri, na zaidi ya wote mwalimu.

Asiyemudu bei ya toleo jipya asisite kuchukua la 7, la mwaka 2005, akilikuta kwa wauza vitabu vya mitumba likiwa na kurasa zote. Visanduku vya "Which Word?" vimo, na tofauti ya "historic" na "historical" haijabadilika tangu wakati huo.